Yuniti Moja ya Moto: Mkaa, Gesi, Kuni na Umeme Katika Mizani Moja

Kuanzia Bunju, ukapita Mapinga, Kerege na Kiromo hadi Dunda na Magomeni mjini Bagamoyo, nishati ya kupikia inauzwa kwa vipimo visivyosemezana. Mkaa unapimwa kwa kopo, kisado, kiroba na gunia. Gesi inakuja kwa mtungi wa kilo 6 au kilo 15. Mafuta ya taa yanauzwa kwa lita, na kwa asiye na pesa ya lita, kwa chupa. Kuni ni mzigo. Umeme ni yuniti. Ukiwauliza majirani watatu nani kati yao anapika kwa gharama ndogo, kila mmoja atakutajia bei aliyolipa, na bado hamtajua. Bei ya kopo haiwezi kushindana na bei ya mtungi mpaka vyote viwili vipimwe kwa kitu kimoja.

Kitu hicho kipo, na karibu kila nyumba yenye umeme inakinunua tayari. Ni yuniti ya LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Makala hii inachukua kila nishati inayouzwa katika mwambao huu, inaigeuza kuwa yuniti, inatoa kinachopotea hewani, kisha inauliza swali moja: shilingi ngapi zinaingiza yuniti moja ya joto ndani ya sufuria? Jibu lake linawaumiza zaidi wale wasiostahili kuumia, yaani wanaonunua kidogokidogo kila siku.

Yuniti ni nini hasa

Yuniti moja ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, ni kilowati-saa moja: nguvu ya kilowati moja ikitumika kwa muda wa saa moja. Jiko la umeme la wati 1,000 likiwaka bila kukatika kwa saa moja limekula yuniti moja. Taa ya wati 10 itahitaji saa 100 kuifikia.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Kilowati ni kasi ya kula nishati. Kilowati-saa ni kiasi kilicholiwa. Birika la wati 2,000 linatisha kwa kasi yake, lakini likichemsha lita moja ya maji kwa dakika tatu au nne, hesabu yake ni sehemu moja tu ya kumi ya yuniti. Friji dogo lisilotisha mtu linaweza kula zaidi ya hapo kutwa nzima, kwa sababu halizimwi.

Wanasayansi hupima nishati kwa juli, jina la Mwingereza James Joule, ambaye katika miaka ya 1840 alionyesha kwa majaribio kwamba kazi na joto ni kitu kile kile katika sura mbili. Yuniti moja ni megajuli 3.6. Wataalamu wa lishe wanatumia kilokalori, na yuniti moja ni kilokalori 860 hivi. Kwa hiyo mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anatumia yuniti 2.3 za nishati kuishi, kutembea na kufanya kazi. Ikumbuke namba hiyo, tutaihitaji mbele.

Kilichomo ndani ya kila nishati

Kila kitu kinachoungua kina kiasi chake cha joto. Hivi ndivyo zilivyo namba za kawaida zikigeuzwa kuwa yuniti:

- Kilo moja ya gesi ya mtungi: yuniti 12.7.
- Lita moja ya mafuta ya taa: yuniti 9.7.
- Kilo moja ya mkaa mkavu: yuniti 8.
- Kilo moja ya kuni kavu: yuniti 4.3, na kuni mbichi hushuka sana kwa sababu moto unatumika kwanza kukausha maji yaliyomo.
- Yuniti moja ya umeme: yuniti 1.

Kwa hesabu hii mtungi wa kilo 6 umebeba yuniti 76, na ule wa kilo 15 umebeba yuniti 190. Gunia la mkaa lenye kilo 60 limebeba yuniti 480. Mtu akiishia hapo ataona mkaa ni mali ya bure: yuniti 480 kwa bei ya gunia moja! Wauzaji wengi, na wanunuzi wengi zaidi, wanaishia hapo hapo. Lakini hakuna anayekula joto lililomo ndani ya gunia. Tunakula lile lililofika kwenye chakula.

Kinachofika sufuriani

Jiko la mkaa la bati, lile la mafundi wetu wa mtaani, hupitisha karibu sehemu 20 kati ya 100 za joto lake kwenda kwenye sufuria. Sehemu 80 zinapasha ukuta, hewa na uso wa mpishi. Jiko banifu lenye kuta za udongo hufikia sehemu 30 hivi. Mafiga matatu ya kuni yanapeleka sehemu 10 hadi 15, na upepo wa baharini ukiingia jikoni hushuka chini ya hapo. Jiko la mafuta ya taa lipo kwenye 40. Gesi hufikisha karibu 55.

Umeme ni jambo jingine, kwa sababu joto linazalishwa karibu sana na chakula. Jiko la umeme la sahani hupitisha sehemu 65 hivi. Jiko la indaksheni, ambalo hupasha kitako cha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hufikia 85. Presha kuka ya umeme, yenye koili chini yake na ukuta unaozuia joto lisitoroke, inafika 90, na juu ya hapo inafupisha muda wa kupika.

Hapa irudie ile namba ya kilokalori. Familia ya watu watano inayochoma kilo 2 za mkaa kwa siku inaunguza yuniti 16. Watu hao watano, kila mmoja akila kilokalori 2,000, wanakula yuniti 11.6 za chakula. Jiko la bati linakula kuliko familia nzima linayoipikia.

Bei ya yuniti moja ndani ya sufuria

Sasa tuingize pesa. Bei za hapa chini za mkaa, gesi, mafuta na kuni ni za mfano, kwa sababu zinabadilika kwa msimu na kwa mtaa. Ukijua bei ya kwako, weka yako na ugawe upya. Nimechukua mkaa wa gunia kwa Sh 1,000 kwa kilo, na mkaa wa kopo kwa Sh 1,500 kwa kilo, maana anayenunua rejareja hulipia pia faida ya kila mkono uliopita. Mtungi mkubwa nimeuweka Sh 57,000 na mdogo Sh 24,000. Mafuta ya taa Sh 3,000 kwa lita. Kuni Sh 200 kwa kilo.

Upande wa umeme hesabu ni ya kiserikali. Tangu 2016 mteja wa kawaida aliye katika kundi la T1 ametozwa Sh 292 kwa yuniti. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ya asilimia 3 na ya mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji (EWURA) ya asilimia 1. Jumla inafika Sh 356. Mteja wa matumizi madogo, wa kundi la D1, hulipa Sh 100 kwa kila yuniti katika yuniti 75 za kwanza za mwezi, ambayo ikijumlishwa na makato ni Sh 122. Ndiyo maana watu wa kundi hilo wanajua kwa moyo kwamba Sh 9,150 inaleta yuniti 75. Zikizidi 75, kila yuniti ya ziada ni Sh 350 kabla ya makato, yaani Sh 427.

Hii ndiyo gharama ya kuingiza yuniti moja ya joto ndani ya sufuria, kuanzia ya juu kwenda ya chini:

- Mkaa wa kopo, jiko la bati: Sh 940.
- Mafuta ya taa: Sh 770.
- Mkaa wa gunia, jiko la bati: Sh 625.
- Mkaa wa kopo, jiko banifu: Sh 625.
- Gesi, mtungi wa kilo 6: Sh 570.
- Umeme wa T1, jiko la sahani: Sh 550.
- Gesi, mtungi wa kilo 15: Sh 545.
- Umeme wa T1, indaksheni: Sh 420.
- Mkaa wa gunia, jiko banifu: Sh 415.
- Umeme wa T1, presha kuka: Sh 395.
- Kuni kavu za kununua, mafiga: Sh 390.
- Umeme wa D1 ndani ya yuniti 75, jiko la sahani: Sh 190.
- Umeme wa D1 ndani ya yuniti 75, presha kuka: Sh 135.

Isome orodha hiyo kwa utulivu. Anayepika kwa kopo la mkaa kwenye jiko la bati analipa karibu mara mbili ya mwenye mtungi mkubwa, na karibu mara saba ya yule wa D1 aliyeweka presha kuka. Mara nyingi ni jirani zake, mtaa mmoja, kipato kinacholingana. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipata pesa ya mkupuo siku moja na mwenzake hakuwahi kuipata.

Mafuta ya taa yalikuwa kimbilio la wapangaji wa chumba kimoja. Mwaka 2011 Serikali iliyapandishia ushuru ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo bei yake inakwenda sambamba na ya dizeli na petroli katika bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi. Kwa kupikia, hayana tena sababu ya kuchaguliwa.

Kuhusu kuni, zile Sh 390 zinamhusu anayenunua. Kwa vijiji vya kaskazini, kuelekea Saadani na Mkwaja, wengi huziokota. Hapo bei yake ni saa za mama na binti njiani, na moshi ndani ya mapafu. Gharama hizo ni za kweli hata kama hazipiti mkononi kwa noti.

Mwezi mzima wa familia moja

Tuiweke familia ile ya watu watano inayochoma kilo 2 za mkaa kwa siku katika jiko la bati. Joto linaloingia sufuriani ni yuniti 3.2 kwa siku, au yuniti 96 kwa mwezi. Kazi hiyo hiyo ingegharimu hivi:

Kwa mkaa wa kopo, Sh 90,000. Kwa gunia moja la kilo 60, Sh 60,000. Kwa gunia na jiko banifu, Sh 40,000, maana zingetosha kilo 40. Kwa gesi ya mtungi mkubwa, kilo 13.7, ambazo ni Sh 52,000 hivi. Kwa umeme wa T1 na jiko la sahani, yuniti 148, karibu Sh 52,700. Kwa indaksheni, yuniti 113, karibu Sh 40,200.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, woga wa umeme wa kupikia, ule wa kusema jiko linakula LUKU, unatokana na kuona yuniti zikishuka mbele ya macho. Mkaa nao unashuka, lakini hauna kioo cha kuonyesha. Kwa T1, jiko la sahani na mtungi wa gesi vinakwenda bega kwa bega. Pili, jiko banifu ndilo uwekezaji mdogo wenye faida kubwa kuliko wowote katika orodha hii. Linaokoa theluthi moja ya mkaa bila kubadili chochote kingine, na linajilipa ndani ya majuma machache.

Kwa mteja wa D1 hesabu inahitaji uangalifu. Akihamishia mapishi yote kwenye indaksheni, yuniti 113 za jiko zikijumlishwa na 20 za taa na simu zinafika 133. Yuniti 75 za kwanza atazilipia Sh 9,150, na 58 zilizobaki kwa Sh 427 kila moja, karibu Sh 24,800. Jumla Sh 34,000. Bado ni nafuu kuliko mkaa, lakini matumizi makubwa yakiendelea miezi mfululizo anaweza kuhamishiwa T1, na nafuu ya yuniti 75 ikapotea hata kwa taa zake. Kwake busara ni kupika kwa umeme kile tu ambacho umeme unakishinda vizuri kuliko moto mwingine. Kitu hicho ni chakula kigumu.

Maharage, kisamvu, makande, pweza

Vyakula vinavyomaliza mkaa ni vile vinavyokaa jikoni saa mbili, siyo chai wala uji. Maharage, makande, kisamvu, nyama ya kongoro, pweza wa kukaushwa. Maji yakishachemka kwenye sufuria ya kawaida hayapandi tena juu ya nyuzi 100. Moto wote unaoendelea unatumika kutoa mvuke na kupasha hewa. Presha kuka hufunga mvuke ndani, maji yanapanda hadi nyuzi 115 au zaidi, na chakula kinaiva kwa sehemu ya muda ule. Kwa kuwa kuta zake zinahifadhi joto, koili inazima na kuwaka yenyewe.

Kwa kadirio, nusu kilo ya maharage kwenye jiko la mkaa inaweza kumaliza kilo moja ya mkaa, yaani Sh 1,000 hadi 1,500. Kwenye gesi, gramu 150 hadi 200, karibu Sh 600 hadi 800. Kwenye presha kuka ya umeme, nusu yuniti: Sh 180 kwa T1, Sh 60 kwa D1. Hapa hakuna mashindano tena.

Kifaa hicho ni ghali kununua. Chukua mfano wa Sh 150,000. Ikiwa kinakuokolea Sh 1,000 kwa siku, kinajilipa ndani ya miezi mitano. Familia ya D1 ikikitumia yuniti moja kwa siku, ni yuniti 30 kwa mwezi. Zikibaki 45 kwa taa, televisheni na feni, nyumba inakaa ndani ya 75. Chapati, kukaanga samaki na mchuzi wa haraka viachiwe gesi au jiko banifu. Mchanganyiko huo ndio ninaoupendekeza kwa nguvu zote kwa nyumba ya kawaida ya Bagamoyo.

Hesabu ya mti

Bei ya mkaa haijumuishi mti. Tanuru la udongo la porini hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za miti. Tuseme kilo 7 za kuni zinatoa kilo moja ya mkaa. Kilo hizo 7 zilikuwa na yuniti 30. Mkaa uliotoka una yuniti 8. Kwenye jiko la bati zinafika sufuriani yuniti 1.6. Kati ya nishati yote ya ule mti, sehemu 5 katika 100 ndizo zilizoivisha chakula. Mafiga ya kuni, pamoja na moshi wake wote, yanatumia mti vizuri mara mbili zaidi.

Mkoa wa Pwani umelipa hesabu hiyo kwa misitu. Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe zimemegwa kwa miaka mingi na soko la mkaa la Dar es Salaam. Upande wetu, msitu wa Zaraninge na mikoko ya mdomo wa Ruvu imekuwa ikibanwa na mahitaji ya kuni, nguzo na mkaa. Mikoko ndiyo kitalu cha kamba na samaki ambao soko la Bagamoyo linawategemea. Anayeikata kwa ajili ya moto wa kukaangia samaki anakata samaki wa kesho.

Umeme nao unatoka mahali. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mkoa huu huu wa Pwani, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mapema 2024, na umeme wake husafirishwa kwanza hadi Chalinze. Mwezi Mei mwaka huo huo Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Maji ya Rufiji hayapotezi mti wa Zaraninge. Hiyo ni sababu ya kuuangalia umeme upya hata pale ambapo bei yake inalingana na gesi.

Gesi yenyewe inahitaji neno moja. Ile ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa kwa meli kutoka nje, hivyo bei yake inafuata soko la dunia na dola. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ni methani. Inakwenda kwa bomba, inaendesha mitambo ya umeme, na imefika majumbani kwa baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara. Kugunduliwa kwa gesi kusini hakukuifanya ile ya mtungi kuwa ya nyumbani.

Lebo nyingine utakazokutana nazo

Nyumba za wageni za mwambao huu hununua viyoyozi kwa BTU. Yuniti moja ni BTU 3,412. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa saa kinaondoa joto kwa kasi ya kilowati 3.5, lakini kinavuta umeme wa kilowati 1.1 hivi, kwa sababu kazi yake ni kuhamisha joto na siyo kulizalisha. Kikifanya kazi bila kupumzika kwa saa 8 kinakula yuniti 9, zaidi ya Sh 3,000 kwa T1. Chenye teknolojia ya inveta kinapunguza kasi chumba kikishapoa, na hapo ndipo kinarudisha tofauti ya bei yake. Usinunue BTU nyingi kuliko chumba.

Pampu ya maji inauzwa kwa HP, nguvu ya farasi. HP moja ni wati 746. Pampu ya HP moja ikivuta kisima kwa saa moja na nusu imekula zaidi kidogo ya yuniti moja.

Kifaa cha kuogea cha maji moto cha wati 5,000 kwa dakika 10 kinakula yuniti 0.83, karibu Sh 300 kwa mgeni mmoja. Mwenye vyumba kumi na jua la Bagamoyo juu ya bati lake afikirie kipasha maji cha sola kabla ya kitu kingine chochote.

Betri za sola zimeandikwa volti na ampea-saa. Zidisha. Volti 12 kwa ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, yaani yuniti 1.2 ikiwa mpya na imejaa. Betri ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu yake, kwa hiyo hesabu yuniti 0.6. Atakayekuuzia betri hiyo kwa ahadi ya kupikia anakudanganya.

Na kuchaji simu kibandani: betri ya simu ya kawaida inahitaji karibu yuniti 0.02. Ukilipa Sh 300, umenunua umeme kwa zaidi ya Sh 10,000 kwa yuniti. Kwa kijiji kisicho na umeme, paneli ndogo ya sola ya taa na simu inajilipa haraka kuliko kifaa chochote kilichotajwa hapa.

Linda kipimo chako

Mkaa unauzwa kwa ujazo, lakini joto linakaa kwenye uzito. Kopo lililojaa mkaa wa mti laini kama mwembe ni jepesi kuliko kopo la mkaa wa mti mgumu, na bei ni ile ile. Mkaa ulionyeshewa wakati wa masika ni mzito kwa maji, na maji hayo utayakausha kwa pesa yako. Nunua gunia kwa pamoja na majirani wawili au watatu, mpime kwa mizani ya duka, mgawane kwa kilo. Mtahama kutoka bei ya kopo hadi bei ya gunia bila mmoja wenu kutoa pesa ya gunia zima.

Mtungi wa gesi una uzito wake mtupu ulioandikwa kwenye shingo. Upime dukani: uzito wote ukitoa ule mtupu lazima ubaki 6 au 15. Wakala anapaswa kuwa na mizani. Kama hana, nenda kwa mwenye nayo. Kilo moja ikipungua katika mtungi wa kilo 6, umepoteza yuniti 12.7 na Sh 4,000. Malalamiko ya kipimo pungufu yana mwenyewe, ni Wakala wa Vipimo.

Kwa LUKU, chukua ujumbe wa malipo, toa kodi ya jengo ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia humo, kisha gawa pesa iliyobaki kwa yuniti ulizopewa. Ukipata 122, upo D1. Ukipata 356, upo T1. Ikiwa matumizi yako ni chini ya 75 kila mwezi na bado unalipa 356, nenda ofisi ya TANESCO ukaulizie kundi lako.

Chagua hivi

Mpangaji wa chumba asiye na mita yake: jiko banifu leo, mtungi wa kilo 6 ukipata mtaji, na mkaa kwa gunia la kugawana, kamwe siyo kwa kopo.

Nyumba ya D1: presha kuka ya umeme kwa vyakula vigumu, gesi au jiko banifu kwa vilivyobaki, na jicho kwenye 75.

Nyumba ya T1: mtungi wa kilo 15 badala ya wa 6, presha kuka kwa maharage na nyama, indaksheni ikiwa sufuria zako zinashika sumaku. Jiko la mkaa libaki kwa siku umeme umekatika na gesi imeisha.

Mama lishe na wakaanga samaki: mafuta ya karai yanahitaji moto mkali wa muda mrefu, na hapo mtungi wa kilo 38 au jiko banifu kubwa la kuni lenye dohani vinashinda mafiga ya wazi kwa mbali. Pimeni kilo za kuni kwa siku mnazotumia sasa na mzigeuze kuwa pesa kabla ya kukataa bei ya jiko.

Kuna kazi moja ambayo mnunuzi hawezi kuifanya peke yake. Halmashauri ikishirikiana na Wakala wa Vipimo iweke mizani kwenye kila kijiwe cha mkaa, na mkaa uuzwe kwa kilo kama unga, sukari na samaki. Siku kopo litakapoandikwa kilo zake, watu watagawanya wenyewe, na wengi wataliacha bila kuhimizwa na mtu yeyote.